Kipimo cha mate cha saratani ya kurithi mjini Kampala: kifaa kizuri, ushauri pungufu

Kliniki moja binafsi mjini Kampala inauza kipimo cha saratani ya kurithi kwa mate. Ukilipia unapewa kisanduku, sampuli inasafirishwa hadi maabara ya nje ya nchi, na majibu yakirudi unapata kikao kimoja cha ushauri. Kazi yetu ni ushauri wa jeni, yaani maagizo ya mwili yanayorithiwa kutoka kwa wazazi, na tumekagua huduma hii kipengele kwa kipengele. Kifaa tunakikubali bila kusita. Ushauri ndio unaotutia wasiwasi.

Tuanze na kichupa. Kinahitaji mililita 2 za mate, povu lisihesabiwe. Dakika 30 kabla ya kutema, mtu asile, asinywe, asivute sigara wala kutafuna chochote. Kifuniko kikikazwa, dawa iliyomo humwagikia mate, na hapo lazima kichupa kitikiswe vizuri. Wengi huruka hatua hii. Dawa isipochanganyika, bakteria na vimeng'enya vya mdomoni huendelea kuharibu DNA, yaani kemikali inayobeba jeni, na maabara huomba sampuli nyingine. Ikichanganyika sawasawa, sampuli hukaa wiki kadhaa bila barafu, hivyo mtu wa miji ya mbali kama Arua au Kabale anaweza kuituma kwa basi. Karatasi ya maelezo imeacha onyo moja zito: mwenye saratani ya damu, au aliyewahi kupandikizwa uboho, asitumie mate. Mate yana chembe nyeupe nyingi za damu, kwa hiyo majibu yanaweza kuwa ya ugonjwa wenyewe au ya yule aliyetoa uboho. Mtu huyo huchukuliwa kipande kidogo cha ngozi.

Maabara husoma jeni nzima nzima: BRCA1 na BRCA2 (za saratani ya titi na ovari), PALB2 (ya titi), TP53 (ya saratani za aina nyingi), na zile nne za saratani ya utumbo mpana na mji wa mimba, yaani MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Hutafuta pia sehemu kubwa zilizodondoka au kujirudia. Hapa wanastahili sifa. Baadhi ya vipimo vya bei nafuu vya mtandaoni viliundwa kuangalia mabadiliko (kasoro katika jeni) matatu tu ya BRCA, yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Mganda akiambiwa hana hayo matatu, bado hajaambiwa kitu.

Fomu ya ukoo ni dhaifu mno. Inauliza baba, mama na ndugu, basi. Ukoo huchorwa vizazi vitatu, pande zote mbili, na kwa kila mgonjwa huandikwa saratani ilianzia wapi na alikuwa na umri gani. Kusema "saratani ya tumbo" hakutoshi, kwani yaweza kuwa ya ovari, ya ini au ya tumbo lenyewe. Penye wake wawili au watatu, kila mtoto aulizwe ni wa mama yupi. Na badiliko la BRCA1 hupita kwa baba sawa na kwa mama: ssenga (shangazi, dada wa baba) aliyeugua saratani ya titi akiwa na miaka 38 ni taarifa nzito, lakini fomu haina hata mstari wake.

Kosa linalogharimu zaidi ni kumpima yeyote anayeweza kulipa. Anayepaswa kutangulia ni yule aliyeugua, akiwa hai. Badiliko likionekana kwake, ndugu wanapimwa hilo moja tu, kipimo kidogo zaidi, na kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 kuwa amelirithi. Mzima akitangulia na majibu yakawa safi, hatujui kama ukoo hauna badiliko, au analo mgonjwa na huyu hakulirithi, au chanzo kiko nje ya jeni zilizosomwa. Kliniki ilipaswa kumweleza mteja haya kabla ya kupokea pesa.

Katika ripoti, badiliko ambalo maana yake haijajulikana limechapwa kwa wino mwekundu, sawa na lile la hatari. Hili lirekebishwe haraka. Waafrika wamepimwa wachache, kwa hiyo mabadiliko ya aina hiyo huonekana kwetu mara nyingi zaidi, na mengi yakichunguzwa baadaye hukutwa hayana madhara. Hakuna anayepaswa kukatwa titi wala ovari kwa sababu yake.

Majibu yakiwa ya hatari kweli, kikao kimoja hakitoshi. Kwa mwanamke mwenye badiliko la hatari la BRCA1, uwezekano wa saratani ya titi kufikia miaka 80 ni takriban asilimia 72 na wa ovari 44. Kwa BRCA2 ni 69 na 17. Takwimu hizo zimetoka zaidi kwa familia za asili ya Ulaya, na mshauri aliseme hilo waziwazi. Kisha yazungumzwe mambo ya kufanya: MRI (picha ya sumaku) ya matiti kuanzia miaka 25, mamogramu (eksirei ya matiti) kuanzia 30, na kwa mwenye BRCA1 aliyemaliza kuzaa, kutoa ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40.

Mwenye mgonjwa katika ukoo anaweza kununua huduma hii. Ila kabla ya kusaini, adai vikao viwili baada ya majibu, barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, na barua ya kuwapa ndugu inayotaja badiliko lenyewe kwa herufi na namba zake kamili, maana bila hizo maabara nyingine haitajua itafute nini.