Mzani wa kioo wa elfu 38, mrejesho baada ya miezi minne

Haya wale mnaoniuliza kuhusu ule mzani niliochukua dukani karibu na soko kuu hapa Mtwara, mrejesho ndo huu. Muuzaji alianzia elfu 45 nikabembeleza. Ni wa kioo, wa betri, mwisho wake kilo 180.

Sikununua kwa urembo. Kaka angu anasafisha damu kwa mashine mara tatu kwa wiki na dada yetu kajitolea figo, sasa kwenye vipimo daktari akasema kaka apungue kwanza, ana kilo 96 na urefu sentimita 168, BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) inakuja 34 na wao wanataka chini ya 30, yani afike kilo 84 hivi. Tulinuna jamani, figo ipo mtoaji yupo we unaongelea kitambi? Ila akatueleza kwamba figo mpya haiwekwi mgongoni zilipo za zamani, inakaa chini ya tumbo kwa pembeni, mafuta yakiwa mengi operesheni inakuwa ndefu, kidonda kinagoma kufunga au kinaota usaha, na figo yenyewe inaweza kuchelewa kuamka mtu akarudishwa kwenye mashine siku kadhaa. Vituo havifanani lakini, kuna wanaoishia BMI 35 na kuna wanaofika 40, na mnene akipandikizwa kwa kawaida bado anaishi zaidi ya akibaki kwenye mashine. Mwembamba kupitiliza naye ana hatari zake, msije mkamfungia mtu sufuria.

Turudi kwa mzani. Unasoma haraka, namba kubwa kaka anaziona bila miwani, na nililinganisha na ule wa anakosafishia, tofauti gramu 200 tu. Ila usiuweke juu ya mkeka! Siku ya kwanza kaka "alipungua" kilo 4 tukapiga vigelegele, kumbe mkeka. Sakafu ya sementi basi.

Lile la kuunganisha na simu likwambie asilimia ya mafuta, kwa mgonjwa wa figo achana nalo kabisa, linapitisha kaumeme kadogo miguuni halafu linakisia, mwili ukiwa na maji linapotea. Kaka akila ng'onda jumamosi, kiu, maji, jumatatu kapanda kilo 2 na nusu, hayo si mafuta, yanatoka yote kwenye mashine. Kwa hiyo sisi tunaandika kilo za akishatoka kusafishwa tu. Kwa hesabu hiyo katoka 96 yuko 90 na nusu. Kaacha wali wa nazi wa usiku, asubuhi anatembea ufukweni Shangani. Korosho alishakatazwa toka zamani sababu ya potasiamu na fosforasi, ila mtu wa Newala umwambie habari za korosho msimu huu, ugomvi.

Na mzani tutabaki nao hata akipandikizwa (hospitali ya Muhimbili wanafanya toka 2017, ya Mkapa Dodoma toka 2018, sio lazima India), maana dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, hasa za steroidi, zinaleta njaa, wengi wananenepa mwaka wa kwanza na wengine wanapata na sukari juu.

Nyota 4. Moja nimekata kwa kifuniko cha betri, kilivunjika wiki ya pili nikabandika selotepu. Niliporudi dukani muuzaji akaniambia, dada angu, waranti ni ya mzani, kifuniko hakimo.