Tambi za Lanzhou kwa mfuko mdogo: hoteli ya Waislamu karibu na Xiaobei, Guangzhou

Hapa Ngamiani, Tanga, wakisikia umetoka China, swali la kwanza ni bei ya mzigo, la pili ni ulikula nini. La mzigo nitaongea na wenye maduka wenzangu. Haya ni ya chakula, tena ya hoteli moja ndogo iliyotusitiri mie na wifi yangu siku tuliyoingia Guangzhou, mvua inamwagika na hela ya matumizi tumeifunga kwenye kanga kwa hesabu.

Hali ya hewa kwanza, maana ndiyo iliyotusukumiza humo. Guangzhou mwezi wa tano ni masika yetu yale yale: joto, jasho, halafu wingu linafunga na maji yanashuka bila hodi. Mvua zao kubwa ni Aprili mpaka Juni, kwa hiyo anayefuata maonyesho ya biashara ya Canton, ya huko huko Guangzhou, ya msimu wa kwanza, yale yanayoanza katikati ya Aprili, abebe mwavuli na viatu visivyonywa maji. Raba za kitambaa aache nyumbani.

Gesti tuliyofikia sitaitaja. Dirisha linavuja, na pale mapokezi tulisimamishwa mpaka miguu ikafa ganzi. Kuandikisha pasipoti ni sheria, mgeni lazima polisi wawe na taarifa zake ndani ya saa 24 na gesti ndiyo inayozipeleka, hilo silalamikii. Nalalamikia kuachwa wima na nguo mbichi huku viti vipo. Chumba hakikuwa tayari, tukaacha mabegi tukatoka.

Treni yao ya chini ya ardhi naisifu bila kuulizwa. Nauli inaanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za mwanzo, kama shilingi 700 za kwetu. Mashine inakupa kidude cha plastiki cha mviringo: kuingia unakigusisha getini, kutoka unakitumbukiza. Begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi, na ukiwa na chupa ya maji unaweza kuambiwa uinywe kidogo waone. Huko chini ni kukavu, na mvua ikikukosesha pa kwenda unaweza kupita mji mzima kwa hela ya chapati. Tulishuka Haizhu Square, tukaingia mtaa wa Yide, kwenye jumla ya vitu vya watoto na, hatua chache mbele, samaki wakavu. Ngisi, kamba, kome, vyote vimekaushwa na kumwagwa kwenye magunia mpaka barazani. Wifi yangu ni mtoto wa Kigombe, kakulia kwenye vichanja vya dagaa; alisimama pale akinusa na kuchambua mpaka muuzaji akadhani tunanunua tani. Tulipanga tuendelee hadi msikiti wa Huaisheng, wenye ule mnara mweupe wa mita 36 hivi, lakini mvua ikachachamaa na njaa nayo ikaanza kusema. Tukarudi upande wa Xiaobei, ndiko gesti iliko.

Sasa hoteli yenyewe. Iko mtaa wa nyuma, meza sita, mlango haufungwi. Ukitaka kuzitambua hoteli za Kiislamu China, kariri herufi hizi mbili: 清真. Usitegemee kuona Kiarabu peke yake, sehemu nyingi siku hizi kimeondolewa kwenye vibao. Wenyewe ni Wahui, Waislamu wa Kichina. Mzee kavaa kofia nyeupe, mkewe kajifunga ushungi, pombe haiuzwi. Hoteli za namna hii zimejaa miji yote, na nyingi zinaendeshwa na watu wa Hualong, wilaya ya jimbo la Qinghai, ingawa kibaoni zinajinadi kwa jina la Lanzhou, mji mkuu wa Gansu, huko kando ya Mto Manjano.

Tukakaa karibu na jiko, ili nguo zilizolowa zikauke. Kijana mpishi alikata donge la unga lililopakwa mafuta, akalivuta mikono yake ikafika mwisho, akakutanisha ncha, akavuta tena, katikati analipigiza mezani, pwaa! Kila mkunjo tambi zinaongezeka maradufu: mara saba ni 128, mara nane ni 256, na kisu hakijagusa kitu. Nimeona kamba za katani zikisokotwa tangu utotoni. Huyu kijana alikuwa kama anazisokotoa, kitu kimoja kikawa nyuzi mamia. Kinachoufanya unga uvutike bila kukatika, asili yake ni majivu ya kichaka cha nchi kame, yaitwayo penghui, ambayo kazi yake ni ile ya magadi. Siku hizi wengi wanatumia unga maalumu wa kiwandani. Kutoka mkononi, tambi zinarushwa sufuriani moja kwa moja. Hujamaliza kufuta vijiti, bakuli limefika.

Unachagua unene, kuanzia nyembamba kabisa mpaka za upana wa vidole viwili. Hatujui Kichina, tukaonyesha picha ukutani. Bakuli la Lanzhou linatakiwa liwe na supu angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu, na tambi za manjano. Letu lilikuwa navyo vyote ila figili, hiyo walituonjesha tu. Supu ya mifupa ya ng'ombe ilikuwa nzito kwa ladha na nyepesi kwa macho, ina iliki kwa mbali na pilipili manga, na ilikuwa moto wa kweli. Tambi zina ukakamavu, zinakataa kidogo kabla ya kukatika, na hazikulainika mpaka mwisho wa bakuli. Nyama ndiyo waliyobania: vipande vyembamba, ukishika kimoja unamwona jirani upande wa pili.

Wifi yangu alionja, akatulia, akasema, "Wifi, tambi isiyo na sukari tutaisimulia vipi nyumbani?"

Nikamwambia, "Simulia ukishamaliza."

Alimaliza, akaomba supu ya kuongezea, wakamwongezea bure. Mama mwenye hoteli alipoona ushungi wangu unachuruzika, alileta taulo kavu na chai ya moto, na hakuna kilichoandikwa kwenye bili.

Bei: yuan 16 bakuli, haifiki shilingi 6,000. Mishkaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili ni ya kuagiza pembeni. Tulichukua miwili miwili, na hapo Tanga tusijidai, wametushinda kwa bizari.

Kulipa kulileta kasheshe. Kila mtu anaskani msimbo wa QR ukutani. Nikatoa noti ya 100, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwao, mzee akafungua droo: hamna kitu. Kisheria duka halitakiwi kukataa pesa taslimu, na hakukataa, ila ilibidi atoke kwenye mvua kuombaomba chenji duka la pili na la tatu. Niliona haya kwa niaba ya noti. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, weka Alipay, programu yao ya kulipia, kwenye simu na uiunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard. Wakati huo huo pakua VPN, programu ya kufungulia mitandao iliyozuiwa, ukiwa bado huku kwetu, kwa sababu intaneti ya kule haifungui WhatsApp wala Google, na watoto nyumbani watadhani umepotea.

Kasoro nyingine: sakafu inateleza vibaya mvua ikinyesha, choo hakuna, na stuli za plastiki hazimfai mwenye magoti mabovu. Naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoizuia ni ya nyama.

Ukienda na mtoto au mtu asiyetaka ugeni mdomoni, onyesha picha ya wali wa kukaangwa na mayai, unajaza sahani. Mkiwa wengi, changeni muagize dapanji, kuku wa vipande na viazi kwenye sahani moja kubwa, inatosha watu wanne. Mafuta ya pilipili yako mezani kwenye kikopo, anza na ncha ya kijiko.