Afterlives ya Gurnah: vita iliyopita kwetu, na watu waliobaki nayo

Kama utasoma riwaya moja tu mwaka huu, na Kiingereza chako ni cha kidato cha nne, itafute Afterlives ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Mtwara mjini, asili yangu Nyangao. Nilianza na Peponi, ile Paradise iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, nikaipenda sana. Hii ya pili nimeletewa na mwanangu kutoka Dar, nikaisoma na kamusi pembeni, jioni baada ya jioni, na imeniingia kuliko ya kwanza.

Hadithi inaanza na Khalifa, karani wa mfanyabiashara katika mji wa pwani ambao mwandishi hautaji jina, enzi za Mjerumani. Khalifa na mkewe Bi Asha hawana mtoto. Anakuja kijana Ilyas, aliyechukuliwa na askari akiwa mdogo, akasomeshwa misheni, akawa mtu wa kuwasifia Wajerumani. Ilyas ana mdogo wake wa kike, Afiya, anayelelewa kwa watu kama mtumishi. Anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika, kisha Vita Kuu ya Kwanza inapokaribia anajiandikisha uaskari na kumrudisha kulekule alikomtoa.

Hapo niliweka kitabu chini. Yule mlezi anagundua kuwa binti anajua kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Nimefunga plasta mikono ya watoto kwa miaka mingi, na mara nyingi maelezo ya mzazi na mvunjiko hayakupatana, kwa hiyo najua ninachosema: Gurnah hakuongeza chumvi. Hakuweka kilio kirefu wala hotuba. Anaeleza kipigo, halafu anaeleza mtoto akiandika kikaratasi kifupi cha kuomba msaada, na Khalifa anakuja kumchukua. Maandishi aliyopigwa kwa ajili yake ndiyo yaliyomtoa. Mwandishi hakulitamka hilo popote, na nilimshukuru kwa kuniachia mwenyewe.

Upande wa pili yuko Hamza, anayejiunga na Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, kwa hiari yake na kujuta karibu siku ileile. Ofisa wake Mjerumani anamfanya mtumishi wake, anamfundisha Kijerumani, anamsogeza karibu kwa namna inayomfanya msomaji asitulie kitini. Upendo ule una dharau ndani yake. Mwisho Hamza anajeruhiwa vibaya, na aliyemjeruhi si adui, ni Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe. Anauguzwa misheni. Nilifuatilia jeraha lile kurasa zote zilizobaki, maana kwenye vitabu vingi mtu akipona amepona. Hamza anachechemea, akifanya kazi nzito maumivu yanarudi, usiku anaweweseka. Anapompenda Afiya, ni watu wawili wenye makovu wanaojifunza kuwa karibu. Sura zile ndizo tamu kuliko zote, na zina adabu ya pwani: maneno machache, salamu, karatasi inayopitishwa kwa siri.

Sasa niseme kwa nini mtu wa kusini aisome. Mahiwa ni jirani na kwetu Nyangao. Oktoba 1917, kwa siku nne, jeshi la Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, na jeshi la Waingereza walimalizana pale. Upande wa Waingereza pekee waliouawa na kujeruhiwa walipita 2,000, wakiwemo Wanijeria walioletwa kutoka ng'ambo ya pili ya Afrika. Mwezi uliofuata Mjerumani akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Na haya yalikuja miaka kumi tu baada ya Majimaji iliyoanzia Nandete, Umatumbini, mwaka 1905, ambapo Wajerumani walichoma vijiji na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Shuleni tulikariri majina ya majemadari. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na habari nyingine, alizopokea kwa mama yake: jeshi lolote likipita, la huyu au la yule, mtama unakwenda, mbuzi wanakwenda, wanaume wanakwenda kubeba mizigo, na waliobaki wanaingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni. Leo tunauziwa ming'oko stendi kama kitafunwa. Bibi hakuigusa mpaka anakufa.

Gurnah anaijua habari hiyo. Ameandika vijiji vilivyoachwa, mashamba yaliyovunwa na wapita njia, askari weusi wakiwatesa weusi wenzao na kujiona wakubwa. Lakini hapa nina dai langu. Wapagazi katika kitabu hiki wanakufa kwa makundi, kwa kuhara, homa na uchovu, na hakuna hata mmoja ambaye tunakaa naye, tukamjua mke wake na kijiji chake. Watu wa bara la kusini tunaonekana kutoka kwenye mstari wa jeshi linalopita. Mwandishi mwenye jicho la kumwona Afiya angeweza kumwona na mpagazi mmoja. Nililisubiri hilo mpaka ukurasa wa mwisho.

Asiyetaka kujua mwisho aruke aya hii. Ilyas hakurudi. Mtoto wa Afiya na Hamza, aliyepewa jina la mjomba wake, anasumbuliwa na sauti zinazomdai mjomba huyo, na akiwa mtu mzima anakwenda Ujerumani Magharibi kumtafuta. Anachokipata ni habari za mtu aliyewapenda Wajerumani mpaka wakamfungia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, akafia humo. Mwandishi anayasema haya kwa haraka, kama taarifa ya ofisini. Mwanangu aliona amekimbilia kumaliza. Mimi naona ni sawa kabisa: familia inayomngoja mtu miaka yote hiyo huishia kupewa karatasi.

Wenye haraka watachoka na kurasa za kwanza za Khalifa na deni la nyumba. Wavumilie, nyumba ile ndiyo Afiya atakamokulia. Nakala yangu iko kwa jirani yangu wa Chuno, mwalimu wa historia, na baada yake inakwenda Nyangao kwa kaka yangu.