WhatsApp Business kwa chama cha kitume: inatunza wanachama, haiwatafuti

Vyama vya kindugu vya Wakatoliki nchini Uganda, viwe vya akina baba, vya akina mama au Lejio ya Maria, vina ugonjwa unaofanana: daftari limejaa majina, benchi la mkutano lina watu wachache. Viongozi wengi sasa wanakimbilia WhatsApp Business, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye maduka, wakitumaini itawajazia benchi. Tathmini hii inaipima kwa kazi hiyo tu: kuandikisha watu wapya parokiani na kuwabakiza. Tumeweka mbele parokia za mpakani kama Busia na Malaba, na zile zilizo jirani na kambi za jeshi na polisi, ambako Kiswahili ndicho kinachowakalisha pamoja Muiteso, Mjapadhola, Msamia na Mwacholi.

Kwa kuwatafuta watu, programu hii ni dhaifu na hatuipendekezi. Kwa kuwatunza waliokwisha kuja, ni bora kuliko daftari peke yake na bora zaidi kuliko kikundi cha kawaida cha WhatsApp, mradi katibu awe mtu wa kuifungua kila siku.

Tuanze na udhaifu, maana hapo ndipo vyama hupoteza muda. Programu inakupa kiungo kifupi cha wa.me na msimbo wa mraba wa kuchanganua kwa kamera. Kamati hufurahi, huchapa bango, hulibandika kwenye mlango wa kanisa na kusubiri. Wanaokuja kwa njia hiyo ni wachache. Kwanza, wazee wengi wenye heshima na msimamo, ambao chama kinawahitaji sana, wanatumia simu ndogo, zile katochi, ambazo hazichanganui chochote. Kwa hiyo bango lolote liwe na namba kwa tarakimu kubwa, na liseme wazi kwamba unaweza kupiga. Pili, kiungo chenyewe huharibika kwa kosa dogo: namba ya Uganda huandikwa kwa kuanza na 256, kisha sifuri ya mwanzo huondolewa. Ukiibakiza sifuri hiyo, kiungo hakifungui mazungumzo, na hakuna atakayekuambia. Tatu, njia ya kutangaza kupitia Facebook, ambayo programu inaisifu sana, hapa kwetu haina maana kubwa, kwa kuwa Facebook ilifungiwa nchini Januari 2021.

Lakini sababu kuu haihusu simu hata kidogo. Mwanamume haingii chama cha kindugu kwa sababu ameona bango, anaingia kwa sababu mtu anayemheshimu amemwambia, “Njoo Jumapili, nitakaa nawe.” Lejio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, huwatuma wanachama wake wawili wawili, na utaratibu huo haujapata mpinzani. Na katika parokia zetu kuna kizuizi ambacho bango haliwezi kukiondoa: mwanamume aliyelipa mahari na kuishi na mkewe miaka mingi bila ndoa ya kanisani hudhani chama si chake, hivyo hukaa nyuma na kutoka mapema. Huyo anahitaji kuketi na mtu na kuelezwa njia ya kufunga ndoa. Tangazo la altareni litamwogopesha tu.

Sasa tuje kwenye kinachofanya kazi: lebo, yaani alama unayoibandika kwenye mazungumzo ya mtu. WhatsApp ya kawaida inakupa majina yaliyopangwa kwa aliyeandika mwisho. Aliyenyamaza miezi mitatu anazama chini, na huyo ndiye uliyepaswa kumwona kwanza. WhatsApp Business inaruhusu hadi lebo 20 za rangi. Usizitumie zote, saba zinatosha: Mgeni, Ametembelewa, Mtarajiwa, Mwanachama, Kimya, Ana shida, Amehamishwa. Ukigusa lebo ya Kimya, unawaona wote kwa pamoja. Kipengele hicho kimoja kinatosha kuhalalisha kuhamia programu hii.

Lebo bila ratiba huwa pambo. Utaratibu unaofaa ni huu. Baada ya Misa, meza iwekwe nje, chini ya mti au barazani, na wanachama wawili wasimame nayo. Mgeni anajaza fomu ya karatasi: jina, kigango, jumuiya ndogo ndogo anakosali, namba ya simu, na lugha anayoipenda. Hapo hapo, mbele yenu, ahifadhi namba ya chama kwenye simu yake, na ninyi mhifadhi yake. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo huharibu yote yanayofuata. Orodha ya matangazo, inayomfikishia kila mtu ujumbe uleule peke yake, inachukua hadi watu 256, lakini ujumbe wake humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Asiyeihifadhi hapokei kitu, na katibu anabaki akidhani mtu huyo amedharau.

Jumatatu katibu anampa lebo ya Mgeni na kumtumia ujumbe wa sauti usiozidi nusu dakika, kwa lugha aliyoichagua. Sauti inashinda maandishi kwa watu wa rika zote, na haimpi aibu asiyesoma vizuri. Kabla ya Alhamisi, wanachama wawili wanafika kwake. Lebo inabadilika kuwa Ametembelewa. Jumapili ya pili anapewa kazi ndogo yenye jina lake: kupanga viti, kusoma sala ya kufunga, kumpeleka mgonjwa zahanati. Hapa msifanye haraka ya kumwomba ada. Anayeombwa pesa kabla ya kupewa kazi hujiona amekuwa mfuko. Akishahudhuria miezi mitatu, ndipo aapishwe au apokelewe kwa desturi ya chama, mbele ya mkewe na watoto. Wanaoandikishwa kwa wingi mwezi Mei ili wapate nafasi katika msafara wa Namugongo, hija ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, wafuate njia hiyo hiyo; wakipokelewa kabla ya safari, Julai hutawaona.

Majibu ya haraka nayo yanasaidia sana. Unaandika ujumbe mara moja, unaupa neno fupi, kisha unauita kwa kuanza na alama ya mkwaju, yanaruhusiwa 50. Ujumbe wa kumfuata aliyenyamaza uandikwe kwa uangalifu kuliko mwingine wowote. Usiseme “Mbona hukuja?” Andika hivi: “Tumsifu Yesu Kristo, Mzee. Jumapili hatukukuona. Nyumbani ni wazima? Kama kuna jambo, tuambie tuje.” Kisha badilisha “Mzee” kwa jina analoitwa, Baba Okello au Ndugu Wafula, maana ujumbe usio na jina hunuka tangazo.

Ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe una mtego. Humfikia anayeandika mara ya kwanza, lakini pia anayeandika baada ya kimya cha siku 14. Mwanachama wa miaka kumi aliyefiwa anaandika “Mama ametutoka asubuhi hii,” na simu inamjibu “Karibu! Je, ungependa kujiunga nasi?” Jeraha kama hilo haliponi upesi. Nenda kwenye mipangilio ya salamu, chagua itumwe kwa wasio kwenye orodha yako ya majina pekee.

Kikundi cha pamoja bado kinahitajika, na kinachukua hadi watu 1,024, idadi ambayo chama cha parokia hakitaifikia. Kiwekwe hivi: wasimamizi pekee ndio wanaoandika, na anayeingia kwa kiungo aidhinishwe kwanza. Kikiachwa wazi, ndani ya wiki chache kitajaa siasa, dawa za kienyeji na biashara za kuahidi faida maradufu, na wale watulivu mliowahitaji watatoka. Wanaotaka kupiga soga wapewe kikundi cha pili. Jambo jema ni kwamba mtu akiondoka, wanaoarifiwa ni wasimamizi tu. Itumieni siri hiyo vizuri: msiulize kikundini kwa nini fulani ametoka, nendeni kwake kabla ya Jumapili. Na kamwe msibandike orodha ya wasiolipa. Anayedaiwa shilingi 20,000 akiona jina lake mbele ya wakwe na majirani, hatalipa na hatarudi.

Kuhusu pesa, programu hii haina kitu cha kumfaa mweka hazina wa Uganda. Michango itapita kwa MTN MoMo au Airtel Money, na hapo kumbukeni kwamba kutoa pesa kunakatwa kodi ya asilimia 0.5 mbali na ada ya kampuni: rambirambi ya 400,000 inapungua 2,000 kwa kodi pekee. Bora pesa itumwe moja kwa moja kwenye simu ya mfiwa na kiasi cha kutolea kiongezwe juu. Hili si jambo dogo. Padri Michael McGivney alipoanzisha Knights of Columbus huko New Haven, Marekani, mwaka 1882, kilichowashika wanaume kilikuwa uhakika kwamba wakifa, mjane na watoto hawatatupwa. Kwetu ni vile vile. Chama kinachofika msibani siku ya kwanza, na pesa na watu wa kuchimba kaburi, hakina shida ya wanachama kukimbia. Lebo ya Ana shida ipo kwa ajili hiyo, na katibu aifungue kila asubuhi.

Kwa parokia za kambini, lebo ya Amehamishwa ina thamani ya pekee. Askari akipata uhamisho, huondoka kwa siku chache na chama humhesabu kama aliyepotea. Mwulizeni parokia mpya, paroko amwandikie barua ya utambulisho, na namba yake ibaki kwenye orodha ya matangazo. Angalieni pia lain iliyolala: kampuni za simu huziuza upya namba zisizotumika, na mgeni asiyejulikana anaweza kujikuta ndani ya kikundi chenu akisoma habari za wagonjwa. Piga simu kwa kila namba iliyo kimya mara moja kwa miezi mitatu.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahesabu imani ya dini, afya na habari za fedha kuwa taarifa za pekee. Chama cha Kikatoliki kinagusa zote tatu. Fomu iwe na mstari wa ridhaa na sahihi, na mambo ya ndoa ya mtu yasiwekewe lebo kabisa. Programu inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne, na kila aliye na kimoja anaona kila kitu.

Daftari la karatasi lisitupwe. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na chama kilichokuwa na majina kwenye simu tu hakikuwa na njia. Ziandikwe namba, kigango na jirani wa karibu wa kila mwanachama, kisha nakala ikae ofisini kwa paroko. Wenye katochi wapangiwe kila mmoja mtu wa kumpigia. Katika vigango vingi hao ndio walio wengi, na kama kwenu ni zaidi ya nusu, msijisumbue na programu hii kwa sasa.

La mwisho la kukagua kabla ya kuanza ni umiliki wa namba. Lain iwe ya chama, na kumbukumbu za kikao ziseme hivyo hata kama imeandikishwa kwa kitambulisho cha mwenyekiti. Washeni uthibitisho wa hatua mbili wenye tarakimu sita, PIN iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mlezi wa kiroho, na katibu aonywe asimtajie mtu yeyote msimbo unaokuja kwa ujumbe mfupi, maana ndiyo njia ya wezi kunyakua akaunti. Akaunti isiyotumika siku 120 hufutwa. Kwa hiyo siku ya uchaguzi wa viongozi, simu na PIN mpya vikabidhiwe katika mkutano huo huo, kabla ya sala ya kufunga.