INVOS 5100C kwa upasuaji wa moyo na aota: mashine nzuri, stika ndiyo shughuli

Mashine ya moyo-mapafu ikishashika kazi, mapigo hupotea na oksimeta ya kidoleni haina tena cha kusoma. INVOS, mashine ya kupima oksijeni ya ubongo, haihitaji mapigo. Hupitisha mwanga wa infraredi kwenye paji la uso na kukupa kiwango cha oksijeni katika damu ya ubongo wa mbele, kulia na kushoto. Anayekuambia inapima mtiririko wa damu wenyewe anakuuzia maneno. Kinachoonekana ni matokeo ya mtiririko.

Futa jasho na mafuta, kausha, bandika stika zenye sensa juu kidogo ya nyusi, mbali na nywele, kisha funika taa kali zisiingie. Chukua namba ya mwanzo kabla mgonjwa hajapewa oksijeni wala dawa ya usingizi. Hapa Uganda hilo lina uzito wake: melanini, rangi ya ngozi nyeusi, hufyonza mwanga, namba inaweza kutoka chini bila ubongo kuwa na shida. Mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe. Aliyeanza na 65 akifika 52 ameshuka asilimia 20, hapo usisubiri.

Upande mmoja ukishuka, angalia kwanza shingo iliyopinda, stika iliyobanduka na kanula, yaani mrija wa damu ulioingizwa mshipani. Pande zote mbili zikishuka, tazama presha, mtiririko wa pampu, hemoglobini na kabonidioksaidi. Hii ya mwisho husahaulika sana: gesi ikipulizwa kupita kiasi kwenye oksijeneta, sehemu ya mashine inayofanya kazi ya mapafu, kabonidioksaidi hushuka, mishipa ya ubongo hubana. Irudishe karibu na 40 mmHg. Kwa wagonjwa wa vali za moyo wanaofika na damu pungufu, maji ya kujazia mirija ya mashine huizimua zaidi, na namba husema mapema.

Kwenye upasuaji wa upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ndipo inapolipa gharama yake. Ukilisha ubongo kupitia ateri ya kwapa la kulia, kwa kawaida 10 ml kwa kilo kwa dakika, na kushoto kukaporomoka, huenda duara la Willis, pete ya ateri chini ya ubongo inayounganisha kulia na kushoto, halijakamilika. Ongeza kanula kwenye karotidi, ateri ya shingo, ya kushoto.

Kasoro: haioni ubongo wa nyuma, wala donge dogo likipita kwenye damu. Kwa madonge unahitaji Dopla ya fuvu, kipimo cha mawimbi ya sauti kupitia mfupa, ambayo nayo hudai mkono uliozoea, na kuna vichwa ambavyo mfupa wa panja hauipitishi.

Stika ni za matumizi ya mara moja. Kuirudia iliyokwisha gundi ni kununua namba za uongo, kwa hiyo bajeti ya stika ipitishwe kabla ya mashine.