Kikokotoo cha siku 90 cha Tume ya Ulaya: kipimo cha kwanza kwa mnunuzi wa nyumba Hispania

Mwenye pasipoti ya Uingereza anayetaka nyumba ya mapumziko Alicante au Málaga afungue kikokotoo hiki kabla ya kumpigia dalali simu. Tangu 1 Januari 2021 anaruhusiwa siku 90 tu ndani ya siku 180 zozote, kwa nchi zote 29 za Schengen pamoja, yaani eneo la Ulaya lisilo na ukaguzi kwenye mipaka ya ndani. Hati ya nyumba haimwongezei hata siku moja.

Ni cha bure. Unaweka tarehe ya kukaguliwa, kisha tarehe za kuingia na kutoka kwa kila safari ya siku 180 zilizopita. Hesabu yake ni ya kuaminika, na inahitajika, maana wengi hudhani siku huanza upya kila nusu mwaka. Sivyo. Kila siku uliyo ndani, huangaliwa siku 180 za nyuma yake, na siku ya kutua na ya kuondoka zote huhesabiwa.

Jaribu hivi: ingia 1 Machi 2026, toka 29 Mei. Siku 90 zimekwisha, na mlango haufunguki tena hadi 28 Agosti. Yaani Juni, Julai na karibu Agosti yote nyumba yako huwezi kuikanyaga, ilhali ada ya jengo na IBI, kodi ya majengo ya manispaa, zinaendelea. Hata kwa nyumba isiyopangishwa, Hispania hukadiria kipato cha asilimia 1.1 au 2 ya thamani ya nyumba iliyoandikwa kwenye daftari la serikali la majengo na ardhi, na Mwingereza hukatwa asilimia 24 ya kipato hicho. Mkaazi wa Umoja wa Ulaya hukatwa 19. Ndiyo maana nyumba kubwa yenye bustani, iliyowafaa wastaafu wa kukaa majira yote ya baridi, imepoteza mvuto kwao kuliko fleti ndogo ya kufunga na kuondoka.

Udhaifu wake ni maelezo. Mwongozo uko kwenye faili la pembeni, na wasiousoma huingiza siku za Cyprus au Ireland, ambazo haziko Schengen, au siku walizokaa kwa viza ya muda mrefu, ambazo hazihesabiwi. Tena jibu lake halina nguvu ya kisheria. Mfumo wa EES, wa kuandikisha wageni wanaoingia na kutoka Schengen, ulioanza 12 Oktoba 2025, husajili alama za vidole na sura mpakani. Kutegemea mhuri uliofifia kumepitwa na wakati.

Anayehitaji zaidi ya siku 90 aombe viza. Ile ya wawekezaji Hispania iliifunga 3 Aprili 2025. Iliyobaki kwa wasiofanya kazi hudai kipato cha euro 28,800 kwa mwaka, na ukipitisha siku 183 katika mwaka unakuwa mlipakodi wa Hispania. Ufaransa ni nafuu: viza ya miezi minne hadi sita, euro 99, bila kibali cha ukaazi.

Sharti la kupata viza liandikwe kwenye mkataba wa arabuni kabla ya kusaini. Bila hilo, mnunuzi anayejitoa huiacha arabuni kwa muuzaji, na kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei.