Nililipia kusahihishiwa majaribio ya SBL: uzoefu wangu

Mara ya kwanza nilifeli SBL, mtihani wa ACCA (chama cha kimataifa cha wahasibu), kwa alama 46, wakati kufaulu ni 50. Zile alama nne ziliniuma sana, maana silabasi nilikuwa nimeimaliza, nadharia nazijua kwa majina na michoro yake, na bado sikuelewa nilikosea wapi. Ndiyo maana safari ya pili sikununua kitabu kingine. Nililipia huduma ya mtandaoni yenye vitu vitatu: masomo ya video, kabrasha la uchambuzi wa taarifa za awali, na mitihani mitatu ya majaribio inayosahihishwa na mtu.

Kwa ambaye bado hajafika huko, SBL, yaani Strategic Business Leader, ni mtihani wa ngazi ya juu wa ACCA ulioanza Septemba 2018 ukichukua nafasi ya masomo mawili ya zamani, P1 na P3. Tangu Septemba 2023 unafanywa kwa saa 3 na dakika 15, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe mnapewa taarifa za awali kuhusu kampuni ya kubuni na sekta yake. Mkiingia chumbani mnakuta nyaraka nyingine mpya, na maswali yote ni ya lazima. Alama 80 ni za maarifa, na 20 ni za stadi za kitaaluma: mawasiliano, uelewa wa biashara, uchambuzi, kuhoji na tathmini.

Video sina mengi ya kusema. Zimetulia, sauti safi, mwalimu anaeleza vizuri. Lakini kama nadharia umeshazisoma, utasikiliza mambo unayoyajua. Mimi niliishia ya nne.

Thamani yote ya pesa yangu ilikuwa kwenye majaribio. La kwanza lilihusu kampuni ya samani iliyotaka kununua kiwanda cha mbao kinachoiuzia malighafi, na swali liliomba waraka wa kuishauri bodi ya wakurugenzi kama inunue au iache. Nilifanya nilichozoea: nikazipanga nguvu tano za Porter zote, ile modeli ya kupima ushindani katika sekta, moja baada ya nyingine, kila moja na aya yake. Jibu lilirudi limejaa maandishi pembeni. Kwenye nguvu ya wateja na ya washindani wapya msahihishaji aliandika, "Bodi haikuuliza hili." Nilipoandika kwamba bei ya kiwanda ni dola milioni 40, akaandika maneno mawili tu na alama ya kuuliza: "Kwa hiyo?"

Nilikasirika, kusema kweli. Nikakaa nalo jioni nzima, kisha nikaiandika upya ile sentensi: bei hiyo inazidi fedha zote ambazo kampuni inazo benki, kwa hiyo italazimika kukopa, na nyaraka zinaonyesha mkopo wa sasa unaiva mwakani, basi bodi ikajadiliane kwanza na benki kabla ya kutoa ofa. Hapo ndipo nilipouelewa mtihani huu. Ukitaja jambo lililomo kwenye nyaraka unapata kidogo au hupati kitu. Ukisema jambo hilo linaifanyia nini kampuni hii, mwaka huu, kwa uamuzi huu, hapo unalipwa. Nadharia ikae nyuma ya hoja. Katika jaribio la pili nilipima pendekezo kwa vipimo vitatu, yaani kama linafaa, kama wadau watalikubali, na kama linatekelezeka, bila hata kuitaja modeli yenyewe, na alama zilipanda.

Somo la pili kubwa lilikuwa kuhoji. Kwenye nyaraka kulikuwa na makadirio ya mkurugenzi wa mauzo: ukuaji wa asilimia 15 kila mwaka kwa miaka mitano. Niliyachukua kama yalivyo, nikayajengea aya tatu. Msahihishaji akauliza pembeni, "Nani kakupa takwimu hii, naye atapata nini ikiaminiwa?" Niliporudi kusoma, nikakuta kurasa mbili nyuma kwamba bonasi yake inategemea mauzo, na kwamba sekta yenyewe inakua kwa asilimia 4. Vyote nilivisoma kabla ya kuandika, ila sikuviunganisha. Tangu siku ile kila takwimu naiuliza imetoka kwa nani.

Kuhusu muda, walinipa hesabu ambayo bado naitumia. Dakika zote ni 195. Toa 35 za kusoma na kupanga, zinabaki 160 kwa alama 80, yaani dakika 2 kwa kila alama. Zile 20 za stadi hazitengewi muda wake, kwani unazipata humohumo unapoandika: waraka wa bodi uwe na sura ya waraka, na slaidi ziwe na vidokezo vifupi huku maelezo yakienda kwenye sehemu ya maelezo. Mtihani wangu wa kwanza swali la mwisho lilibaki nusu. Zile alama nne zilikuwa pale, sina shaka.

Sasa malalamiko. Walituahidi majibu ndani ya siku tano za kazi, na mawili ya mwanzo yalifika kwa wakati. La tatu lilichukua siku kumi, likanikuta nimebakiwa na siku tatu tu. Jaribio lililosahihishwa linakusaidia ukiwa na muda wa kuandika upya, na mimi huo muda sikuupata. Niliandika kulalamika, wakaomba radhi, basi.

Kabrasha la taarifa za awali lilinisikitisha zaidi. Lilikuwa na kurasa zaidi ya sitini, na sehemu kubwa ilikuwa maswali wanayodhani yatatoka. Wiki hizo mbili ni za kuielewa kampuni: inapataje fedha, nani ana nguvu kwenye bodi, sekta inaelekea wapi. Nilipoteza siku nne nikikariri majibu ya maswali ambayo hayakutoka, na ndani ya mtihani ilibidi nipambane na akili yangu isiyaingize kwa nguvu. Ukilinunua, soma taarifa mwenyewe kwanza, andika uchambuzi wako, ndipo ufungue la kwao.

Jambo jingine: mitihani iliyopita waliyoiweka kwenye kifurushi ipo bure kwenye jukwaa la mazoezi la ACCA, ambako unaandika kwenye skrini ileile utakayoikuta siku yenyewe, na ripoti za watahini nazo ni bure. Msilipie hivyo.

Safari ya pili nilipata 61. Ningelipia tena majaribio peke yake, na kwa aliyefeli kati ya 40 na 49 nayapendekeza bila kusita. Anayeanza kusoma leo asubiri kwanza amalize silabasi. Na kabla hujalipa popote, waombe wakuonyeshe jibu moja la mwanafunzi lililosahihishwa, jina likiwa limefutwa. Ukiona vema na jumla ya alama tu, bila neno pembeni, tafuta kwingine.